Lango la Mji na Daftari Lililo Wazi: Funzo Kutoka Mahakama ya Kaunti ya Chase

(Hii ni hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya mkutano wa waumini na wapenda haki. Tunaichapisha kama ilivyosomwa.)



Katika kitabu cha Ruthu tunasimuliwa jinsi Boazi alivyotaka kulikomboa shamba lililokuwa la Elimeleki. Hakwenda usiku nyumbani kwa mkubwa fulani, wala hakutuma bahasha. Alikwenda langoni pa mji, akaketi, akawaita wazee kumi, na mbele yao na mbele ya watu wote akalimaliza jambo lake. Lango la mji lilikuwa ndiyo mahakama, ndiyo baraza, ndiyo ofisi ya ardhi. Kila apitaye aliona na kusikia, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu wa kuja kesho na kusema kwamba shamba lile halikuuzwa, au liliuzwa kwa mwingine.

Sisi tunaoishi kwa kazi ya uwakili tunajua gharama ya kulipoteza lango hilo. Tuliwahi kumsindikiza mjane mmoja katika ofisi iliyoweka hati ya shamba la marehemu mumewe. Tulikwenda mara saba. Kila mara tuliambiwa kwamba faili halionekani. Siku tuliyoandika barua na kupeleka nakala kwa wakubwa watatu, faili lilionekana kabla ya saa sita mchana. Halikuwa limepotea. Lilikuwa limefichwa, na lililofichwa pamoja nalo ni haki ya mama yule.

Ndiyo maana leo tumeona vema kuwachukua hadi mahali pa mbali, katika jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya Marekani, tukaitazame nyumba moja ya mawe. Hatuwapeleki huko kwa kuwa Wamarekani ni malaika. Mtasikia wenyewe kwamba sivyo. Tunawapeleka kwa sababu katika nyumba ile na katika nchi inayoizunguka twaweza kuona waziwazi ni kitu gani kinachoifanya mahakama iwe mahakama, na ni kitu gani kikiondolewa huigeuza kuwa rundo la mawe tu.

Nchi yenyewe

Kaunti ya Chase ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,000. Iko katika vilima viitwavyo Flint Hills, yaani vilima vya gumegume, lile jiwe gumu ambalo wazee wetu waliligonga kupata cheche. Udongo wake ni mwembamba juu ya mawe ya chokaa, na plau haikuweza kuupasua. Kwa sababu hiyo nyasi za asili zilisalia. Mbuga ya nyasi ndefu iliyofunika sehemu kubwa ya katikati ya Amerika Kaskazini imelimwa karibu yote, hata haijasalia sehemu 4 katika 100, na kipande kikubwa cha hicho kilichosalia kimo katika vilima hivi. Kila majira ya kuchipua wenyeji huchoma nyasi zile kama wafugaji wetu wanavyochoma malisho, zikachipua mbichi, na ng'ombe wakaletwa kunenepa. Mwaka 1996 serikali ya shirikisho ilitenga hapo hifadhi ya taifa ya nyasi ndefu, yenye ekari karibu 11,000.

Watu wake ni wachache. Mwaka 1900 walizidi 8,000. Katika sensa ya mwaka 2020 walikuwa 2,572, idadi ambayo kwetu ni ya soko moja siku ya gulio. Upande wa kusini kaunti hiyo imepakana na kaunti ya Butler, ambako katika mji wa Augusta alikulia Madelyn Payne, nyanya mzaa mama wa Barack Obama. Kwa hiyo si nchi ya mbali sana nasi kama tulivyodhani. Damu ya Kogelo na damu ya vilima vile zilikutana katika mtu mmoja.

Kura kabla ya mawe

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla ya kuwako jengo palikuwa na mapambano, na mapambano hayo yalihusu kura.

Mwaka 1854 bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba wakazi wa Kansas wenyewe wataamua kwa kura kama nchi yao itaruhusu utumwa au itaukataa. Jambo hilo lilionekana kuwa la kidemokrasia. Lakini jirani yao wa mashariki, jimbo la Missouri, lilikuwa jimbo la utumwa. Uchaguzi wa bunge la kwanza ulipofanyika tarehe 30 Machi 1855, hesabu ya wapiga kura wa Kansas ilikuwa 2,905. Kura zilizotumbukizwa zilikuwa 6,307. Watu walivuka mpaka kwa makundi, wengine wakiwa na bunduki, wakapiga kura, wakarudi makwao. Bunge lililozaliwa na hesabu hiyo lilitunga sheria kali za kulinda utumwa, na watu waliokuwa wakiupinga wakaliita bunge la bandia. Miaka iliyofuata ilijaa damu.

Sikilizeni na jambo la pili. Katika uchaguzi wa mwaka 1857 kijiji kimoja kiitwacho Oxford, chenye nyumba chache tu za kuhesabika kwa vidole, kilileta kura zaidi ya 1,600. Ilipochunguzwa orodha ile, ilionekana kwamba majina yalinakiliwa kutoka kitabu cha wakazi wa mji wa Cincinnati, ulioko mbali katika jimbo la Ohio. Gavana wakati huo alikuwa Robert Walker, mtu aliyekuwa seneta wa jimbo la utumwa la Mississippi na aliyeteuliwa na rais aliyeuonea huruma upande wa mabwana wa watumwa. Kura hizo zingeupa ushindi upande wake mwenyewe. Gavana Walker alizikataa. Wapinga utumwa wakalipata bunge, na Kansas ikaingia katika shirikisho mwaka 1861 ikiwa jimbo huru.

Ndugu zetu, tunaposema kwamba nchi inahitaji maafisa wa uchaguzi wenye dhamiri, hatusemi kwamba wawe wa upande wetu. Twataka mtu ambaye, hesabu ya uongo ikimletea ushindi, ataikataa.

Kaunti ya Chase iliundwa katikati ya mapambano hayo, mwaka 1859, ikapewa jina la mwanasheria Salmon Chase wa Ohio. Huyu aliwatetea watumwa waliotoroka, na waliompinga walimwita kwa dhihaka mwanasheria mkuu wa watumwa watoro. Akiwa seneta aliipinga ile sheria ya mwaka 1854. Baadaye Rais Lincoln alimfanya Jaji Mkuu wa Marekani, na mwaka 1865, akiwa katika kiti hicho, Mahakama Kuu ya nchi ilimkubali kwa mara ya kwanza wakili mweusi, John Rock, kusimama mbele yake. Sisi mawakili tunalipenda jina la kaunti hii kwa sababu hiyo.

Nyumba na waliomo

Mji mkuu wa kaunti unaitwa Cottonwood Falls, nao una wakazi wasiofika 1,000. Ukivuka mto kutoka kaskazini na kufuata barabara kuu, mwisho wake unaiona nyumba ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa papo hapo, ina paa jekundu lenye miteremko mikali na mnara wa saa juu yake. Ilimalizika kujengwa mwaka 1873. Msanifu wake alikuwa John Haskell, ambaye pia alisanifu sehemu ya jengo la bunge la jimbo mjini Topeka. Ndani mna ngazi ya mbao nyeusi za mjozi inayopanda kwa kuzunguka mpaka ghorofa ya juu. Ndiyo mahakama ya kaunti iliyo kongwe kuliko zote zinazotumika bado katika Kansas.

Lakini tusiwe kama wageni wanaopiga picha mnara na kuondoka. Tuulize waliomo wanafanya nini.

Katika Kansas kaunti haiongozwi na mtu mmoja mwenye bendera na msafara. Chase ina makamishna watatu, kila mmoja amechaguliwa na wilaya yake. Hao ndio wanaopanga bajeti, kodi na barabara. Pembeni yao wapo wengine waliochaguliwa na wananchi wale wale, kila mmoja kwa kura yake: karani wa kaunti anayetunza kumbukumbu na kusimamia uchaguzi, mweka hazina anayepokea kodi, msajili wa hati za ardhi, sherifu, na mwanasheria wa kaunti anayeendesha mashtaka ya jinai. Makamishna hawawezi kumfukuza sherifu kwa kuwa amewaudhi. Sherifu hawezi kumwamuru msajili afiche hati. Mweka hazina hahitaji kumwogopa yeyote ila wapiga kura na sheria. Madaraka yamegawanywa kama nyama ya arusi, ili pasiwepo mmoja atakayeondoka na mguu mzima.

Mikutano ya makamishna ni ya wazi kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1972. Bajeti haipitishwi kabla ya kutangazwa gazetini na wananchi kuitwa kuisemea. Sheria ya jimbo pia imetaka kila kaunti, hata ikiwa na watu wachache namna gani, iwe na jaji au hakimu anayeishi humo. Gharama ya kuendesha serikali kamili kwa watu 2,572 si ndogo, na wenye mashamba huilipa katika kodi yao. Hata hivyo mwenye kesi hasafiri siku mbili kuitafuta haki.

Sasa tufike kwa msajili wa hati, maana hapa ndipo mjane wetu angependa kufika. Nchi ile ilipimwa kwa miraba ya maili moja kila upande, ekari 640, na kila mraba ukapewa namba. Kipande cha ardhi hutajwa kwa namba hizo, na kila mauzo, kila rehani, kila urithi huandikwa katika vitabu vya kaunti. Vitabu hivyo ni vya umma. Huhitaji kuwa mwenye shamba, wala jamaa yake, wala wakili. Unaingia, unauliza, unaonyeshwa. Mtu atakaye kuuza shamba la jirani yake atakuta kwamba kila mtu mwenye macho anaweza kuona jina la mwenyewe. Hilo, ndugu zetu, ndilo lango la Boazi katika umbo la daftari.

Walioachwa nje ya lango

Tulisema kwamba hatuwasifu malaika. Mwaka ule ule wa 1873 ilipomalizika nyumba ile, watu wa Kaw, ambao jimbo lenyewe limeitwa kwa jina lao, waliondolewa Kansas. Hapo kwanza nchi kubwa ilikuwa yao. Mikataba iliyotiwa sahihi mwaka 1825, 1846 na 1859 iliipunguza kipande kwa kipande, mpaka wakabaki na eneo dogo karibu na Council Grove, katika kaunti inayopakana na Chase upande wa kaskazini. Hata hilo wakanyang'anywa, wakahamishwa kusini katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Kila hatua ilikuwa na karatasi, sahihi na muhuri. Ile miraba ya ardhi tuliyoisifu ilichorwa juu ya nchi yao.

Wala hawakuwa wao peke yao. Katiba ambayo Kansas iliingia nayo mwaka 1861 iliwapa kura wanaume weupe tu. Mwaka 1867 wapiga kura waliulizwa kama wataiondoa ile sharti ya weupe na ile ya uanaume. Walikataa yote mawili. Wanaume weusi walipata kura mwaka 1870 kwa badiliko la katiba ya shirikisho, na wanawake wa jimbo walipata kura kamili mwaka 1912, baada ya kudai kwa muda mrefu kuliko umri wa binti zao.

Twajifunza nini? Kwamba daftari la wazi huonyesha ukweli wa walioandikwa, na husitiri dhuluma iliyowatendekea wasioandikwa. Lakini twajifunza pia kwamba kumbukumbu haifi. Mjini Lawrence, katika jimbo hilo hilo, jiwe jekundu lililo takatifu kwa Wakaw lilikuwa limechukuliwa na kufanywa mnara wa kuwatukuza walowezi mwaka 1929. Mwaka 2021 uongozi wa mji uliomba radhi na kukubali kulirudisha, na jiwe hilo sasa limo katika ardhi ya Wakaw wenyewe, karibu na Council Grove.

Muhuri wa mfalme

Tumalizie na jambo la karibuni, lililotokea magharibi ya Chase, katika kaunti jirani ya Marion, ambayo nayo ina mahakama yake ya mawe na maafisa wake wa kuchaguliwa.

Tarehe 11 Agosti 2023 polisi wa mji wa Marion, wakisaidiwa na maafisa wa sherifu, waliingia katika ofisi ya gazeti dogo la Marion County Record, na katika nyumba ya mchapishaji wake Eric Meyer. Walichukua kompyuta na simu. Nyumba ya diwani mmoja ilipekuliwa pia. Walikuwa na kibali kilichotiwa sahihi na hakimu. Kosa lililodaiwa ni kwamba mwandishi alitafuta taarifa za mtu katika tovuti ya serikali ya jimbo. Mama yake Meyer, Joan, mmiliki mwenza wa gazeti, mwenye umri wa miaka 98, alisimama sebuleni kwake akiwafokea wapekuzi. Kesho yake alifariki dunia.

Wasomaji wa Biblia mnakumbuka shamba la mizabibu la Nabothi. Yezebeli hakutuma wanyang'anyi. Alituma barua zenye muhuri wa mfalme, na baraza la wazee likaketi kama ilivyo desturi, na mashahidi wakasema. Utaratibu wote ulifuatwa isipokuwa ukweli. Hatuwafananishi watu wa Marion na Yezebeli, wala si kazi yetu kuwahukumu. Tunasema tu kwamba muhuri ni nta na wino. Sahihi ya hakimu ambaye hakuchunguza sana hailindi mtu yeyote.

Nini kilichofuata? Gazeti halikukosa hata toleo moja. Lilitoka wiki iliyofuata, wafanyakazi wakikesha kwa mashine za zamani. Siku ile ile, tarehe 16 Agosti, mwanasheria wa kaunti alikiondoa kibali kile akisema ushahidi hautoshi, na vifaa vikarudishwa. Mkuu wa polisi alijiuzulu mwezi wa Oktoba. Mwaka 2024 waendesha mashtaka maalumu walisema kwamba watu wa gazeti hawakutenda kosa lolote. Mwaka 2025 kaunti ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 3 na kuomba radhi. Mama Joan hakurudi.

Tazameni kwamba mfumo uliovunjika ndio uliotengenezwa tena. Mwanasheria wa kaunti hakuwa mtumishi wa mkuu wa polisi; aliweza kusema hapana, ingawa alichelewa. Mahakama za juu zilikuwa wazi. Na wananchi waliposikia hawakusema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa.

Tuliyotoka nayo

Katiba yetu ya mwaka 2010 ilitupa kaunti 47, na tangu mwaka 2013 neno kaunti limo vinywani mwetu kila siku. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ibara ya 196 inaliagiza bunge la kaunti kufanya kazi zake kwa uwazi. Maandishi hayo ni mema. Lakini tumeona leo kwamba kaunti mbili jirani, zenye sheria moja na mawe ya aina moja, zaweza kuwa na siku njema na siku mbaya, kulingana na watu wanaosimama mlangoni.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye mambo matatu, nayo hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Kila parokia na kila kikundi kichague watu wawili wakahudhurie kikao cha bunge la kaunti au cha kamati ya bajeti, wakaandike waliyoyasikia, wakayasome kwa wenzao. Msiwaache wajane na mayatima waende peke yao katika ofisi za ardhi. Wasindikizeni, na kila jibu la kwamba faili halionekani liandikwe kwa tarehe na jina la cheo cha aliyelitoa. Na siku ya kura, kaeni mpaka hesabu itakapobandikwa ukutani, mkainakili.

Mjane wetu alipata hati yake. Alituambia jambo moja ambalo hatujalisahau: kwamba katika safari zile saba, kilichomuumiza zaidi si nauli, bali kuona watu wengine kwenye benchi, wazee kama yeye, ambao hawakuwa na mtu wa kuwaandikia barua. Benchi lile bado lina watu. Tukitoka hapa tuanzie kwao.